Spika yako inasema kwa sauti ya nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora na "rangi" ya sauti

Rangi ya sauti ni nini hasa?

Ni kile ambacho chombo huongeza au hupunguza kwenye kila kinachopita ndani yake. Rekodi ikiwa na kasoro, kasoro hiyo ni ya rekodi na itaondoka ukibadilisha wimbo. Lakini ukisikia uzito uleule wa ajabu kwenye taarabu, kwenye taarifa ya habari na kwenye mawaidha ya Ijumaa, jua anayesema ni spika.

Ndiyo maana swali langu la kwanza mbele ya chombo chochote, kiwe cha laki mbili au cha milioni ishirini, ni hili: je, rekodi zinatofautiana? Chombo kizuri kitakuonyesha kwamba huyu alirekodiwa kwenye studio kavu, yule ukumbini, na wa tatu alisimama mbali na maikrofoni. Chombo chenye rangi nyingi huzifanya zote zifanane. Siku ya kwanza rangi hiyo inaweza kukupendeza mno. Baada ya miezi mitatu unajikuta unazima muziki mapema kila jioni na hujui kwa nini.

Watu husema sauti ni "ya puani", "ya pipani", "inachoma". Maneno haya yana maana yoyote ya kiufundi?

Yana maana, tena yamekaa vizuri kuliko maneno mengi ya kwenye matangazo. Binadamu mwenye masikio mazima husikia kuanzia Hz 20 (yaani mitikisiko 20 kwa sekunde) hadi karibu Hz 20,000. Kuvuma kunakofanya besi zote ziwe noti moja hukaa chini ya Hz 150. Sauti ya ndani ya pipa kwa kawaida ni ziada kati ya Hz 200 na 500. Ya puani iko karibu na Hz 800 hadi 1,000. Inayochoma ni ya Hz 2,000 hadi 5,000, mahali ambapo sikio lina wepesi mkubwa kuliko kwingine kote, na ndiyo maana ziada ndogo hapo huchosha haraka. Zile "s" zinazopasua kama karatasi ni za Hz 5,000 hadi 8,000. Fundi akikuuliza tatizo ni nini, mwambie "ya puani" bila aibu. Umeshampa anwani ya kuanzia.

Nianze kusikiliza nini? Besi?

Anza na sauti ya mtu. Besi humfurahisha kila mmoja na haimfundishi mtu sana. Sauti ya binadamu umeisikia tangu tumboni mwa mama yako, na sikio lako halihitaji kusomea chochote ili kutambua kwamba imeharibika.

Wakati fulani nilimwomba dada yangu asome gazeti kwa dakika mbili. Tulikaa uani, mbali na kuta, ili mwangwi wa chumba usiingie kwenye rekodi, nikamrekodi kwa maikrofoni nzuri ya kuazima. Kisha tukaingia ndani, akasimama katikati ya spika mbili nilizokuwa nazipima, akasoma aya ileile huku mimi nikibadilisha: yeye, spika ya kwanza, yeye, spika ya pili. Ya kwanza ilimpa unene kidogo kifuani, jambo la kuvumilika. Ya pili, ambayo bei yake ilikuwa karibu mara tatu, ilipoanza kusoma dada alinigeukia akasema, "Kaka, huyu si mimi, huyu ana mafua." Nilikuwa nimeisikiliza spika hiyo wiki nzima kwa muziki wa dansi, nikiisifia kwamba magitaa "yanatokeza". Yalikuwa yanatokeza kweli, kwa sababu kulikuwa na uvimbe kwenye eneo lilelile la puani.

Jambo hili si langu. Wahandisi wa BBC nchini Uingereza walilifanya kwa miaka mingi: mtu anasema studioni, msikilizaji anasikia sauti hiyohiyo kupitia spika katika chumba cha jirani, kisha anatoka kwenda kumsikia msemaji mwenyewe.

Katika mfumo mzima, rangi nyingi hutoka wapi?

Chumba na spika. Vilivyobaki viko nyuma sana. Watu hupoteza fedha nyingi kwa kugeuza mpangilio huu, wakibadilisha mashine na waya huku spika zimebanwa kwenye kona ya sebule yenye vigae.

Ndani ya spika yenyewe kuna vyanzo vitatu vikubwa. Cha kwanza ni boksi. Wufa, yaani spika ya sauti za chini, inaposukuma hewa mbele, inasukuma pia hewa na mbao za boksi, na ubao ukianza kutikisika unakuwa spika nyingine ambayo hukuinunua. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi mkavu ni dalili njema, mlio unaobaki ukivuma kama ngoma si dalili njema. Si lazima boksi liwe zito kama jiwe. BBC walichagua mbao nyembamba za plywood ya mti wa birch, wakazibandika mabamba ya lami ndani ili mtikisiko ufe haraka na ushuke kwenye masafa ambayo sikio halisumbuki nayo sana.

Cha pili ni koni, ile sehemu ya spika inayosogea mbele na nyuma. Ikiwa inasukumwa polepole, koni yote husogea pamoja. Masafa yakipanda hufika mahali sehemu moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma, na hapo hutokea milio ambayo haimo kwenye rekodi. Krosova, kifaa kinachogawa masafa kati ya spika za ndani ya boksi, ndiyo inayopaswa kuiondoa wufa kazini kabla haijafika huko.

Cha tatu hakizungumzwi vya kutosha: sauti inayotoka kwa pembeni. Wufa ya sentimita 16 ikikaribia Hz 2,500 huanza kubana sauti mbele kama tochi, halafu twita, yaani kispika cha sauti za juu, inapokea kazi na kuimwaga kila upande. Ukikaa mbele kabisa hutaona kitu. Lakini kuta zinapokea sauti iliyo tofauti na ile unayoipata wewe, zinakurudishia, na sikio linachanganya zote mbili. Simama, tembea taratibu kutoka mbele ya spika kwenda kando huku mtu anaongea kwenye redio. Sauti ikififia kwa utaratibu, sawa. Ikibadilika ghafla kama mtu aliyeingia ndani ya mtungi, umepata kasoro.

Je, amplifaya za valvu zina sauti tamu kuliko za transista?

Zinaweza kuwa tamu kwako, na utamu huo una sababu. Amplifaya ndogo inayotumia valvu moja kwa kila upande, kwa mfano valvu iitwayo 300B yenye wati kama 8 tu, huongeza kwenye kila noti noti ya pili iliyo oktava moja juu yake. Oktava inapatana na noti mama, hivyo sikio halilalamiki. Linasema sauti imenona.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi na wengi hawaijui. Amplifaya za aina hiyo zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti, labda omu 2 au 3, wakati ya transista kwa kawaida iko chini ya omu 0.1. Spika iliyoandikwa "omu 8" haina omu 8 kila mahali. Inaweza kushuka hadi 4 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 30 kwenye mengine. Ukiiunganisha na amplifaya yenye ukinzani wa omu 3, hesabu inatoa tofauti ya karibu desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sehemu hizo mbili. Hiyo ni sawa na kushika ikwalaiza na kuigeuza. Kwa hiyo amplifaya hiyohiyo inaweza kusikika laini kwa jirani yako na kali kwako, na nyote wawili mkawa mnasema kweli.

Kwa transista iliyoundwa vizuri, ikiwa haijazidiwa nguvu, tofauti kati ya moja na nyingine ni ndogo sana. Angalia kwanza kama ina wati za kutosha kwa spika zako.

Nikiwa dukani, nifanye nini nisidanganyike?

Chunga kitasa cha sauti. Hili ndilo jibu, na mengine yote ni nyongeza.

Sikio la binadamu halisikii masafa yote sawa. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933: sauti ikiwa chini, besi na sauti za juu hupotea kwanza, na ukiongeza sauti zinarudi. Matokeo yake, chombo kinachopiga desibeli moja tu juu ya kingine hakisikiki kama "kimeongezwa sauti". Kinasikika kama kina besi nzuri zaidi, kiko wazi zaidi, kina uhai zaidi. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha amplifaya mbili, na kila alipohamia ile ya bei kubwa mkono wake ulipita kwenye kitasa. "Bosi, sikia hii sasa." Nilisikia, nikavutiwa, nikalipa. Nyumbani, nilipozilinganisha kwa mita, ile tofauti niliyoilipia haikuwepo.

Ukilinganisha amplifaya, piga mlio wa Hz 1,000, pima volti kwenye vituo vya spika kwa mita ya fundi umeme, na hakikisha mashine zote mbili zinatoa kiasi kimoja. Ikiwa moja inatoa volti 2.00 na nyingine 2.02, umebakiza kama desibeli 0.1, inatosha. Kwa spika, tumia programu ya simu ya kupimia desibeli, simu ikiwa mahali pa kichwa chako.

Kisha funga macho yako, yaani mtu mwingine abadilishe bila wewe kujua ipi inapiga. Andika unachokisikia kabla hujaambiwa. Rudia mara kumi au zaidi, kwa maana mara tatu unaweza kupatia kwa bahati. Vipande viwe vifupi, sekunde 10 hadi 20, na viwe vilevile, kwa sababu kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo haidumu.

Na kama muuzaji hataki ufanye hivyo, ondoka na fedha zako.

Lakini mimi nina masikio mazuri na si mtu wa kushawishika. Bado nifungwe macho?

Ndiyo, na mimi pia. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wote watafiti wa kampuni ya Harman huko Marekani, waliwapa watu 40 spika nne wazisikilize kwa njia mbili: wakiziona, na zikiwa nyuma ya pazia. Waliohusika walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo, watu wa kazi hii. Walipoziona, spika kubwa za kupendeza zilipanda alama, na kijispika kidogo cha bei ya chini kikashuka. Pazia lilipowekwa, kijispika kilipata alama nzuri kuliko kilipoonekana. Macho yalikuwa yamesaidia kutoa hukumu, bila mwenye macho kujua.

Basi vipimo vya maabara vinatosha? Kwa nini nisikilize kabisa?

Kwa spika, vipimo vinasema mengi kuliko wapenzi wengi wa muziki wanavyokubali. Toole alianza kazi hii Ottawa, kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, akitumia chumba kisicho na mwangwi. Alichokikuta, na kilichothibitishwa tena baadaye Harman, ni kwamba wasikilizaji waliofungwa macho hawatofautiani sana. Wengi wao huchagua spika ambayo mchoro wake, yaani mstari unaoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa, ni tambarare ukiipima kwa mbele, na ambayo sauti yake ya pembeni hushuka taratibu bila mabonde na vilima. Ladha zetu zinakaribiana kuliko tunavyodhani.

Ila mchoro uwe kamili. Mstari mmoja wa kwenye boksi unaosema "Hz 40–20,000" hauna faida yoyote bila kusema ni ndani ya desibeli ngapi. Na hata ukiwa na mchoro bora, sikiliza, kwa kuwa mchoro haukai sebuleni kwako.

Nilisikia spika nzuri dukani, nyumbani zinavuma. Nimeuziwa feki?

Yaelekea ni chumba. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvimba kwenye Hz 43 hivi, na uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi ni Hz 41. Yaani mpiga besi akigusa uzi huo au noti zinazoufuata, chumba kinajibu kwa nguvu zake chenyewe. Sebule ya mita 4 kwa 4 ni mbaya zaidi, maana urefu na upana vinavuma pamoja kwenye noti moja.

Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe nenda taratibu ukifuata ukuta. Kwenye kona besi itakujaa kifua. Katikati kabisa ya chumba baadhi ya noti zitapotea. Hapo umejionea kwamba spika haijabadilika, ni mahali pako tu. Vuta spika angalau nusu mita kutoka ukutani, zitoe kwenye kona, na kochi lako lisiegemee ukuta wa nyuma wala lisikae katikati barabara.

Baada ya hapo piga kofi moja kubwa katikati ya sebule. Nyumba zetu nyingi ni saruji, vigae na vioo, na utasikia mlio mfupi wa "zriii" kama waya uliokwanguliwa. Hiyo ni sauti inayorukaruka kati ya kuta mbili zilizo uchi, na ndiyo inayofanya twita yako ionekane kali. Zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito, rafu ya vitabu iliyojaa, kochi la kitambaa: vitu hivi vimenibadilishia sauti kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua. Havitaondoa mvumo wa besi, hilo ni kazi ya nafasi na kipimo cha chumba, lakini kuanzia sauti za kati kwenda juu utadhani umenunua spika mpya.

Nitumie rekodi gani kupimia?

Unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Orodha za watu wengine hazikusaidii sana.

Kwangu taarabu ya orkestra ni mwalimu mzuri. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila uzi unapaswa kuanza kwa ncha kali kisha ufe peke yake. Spika yenye mlio wa ziada huko juu huziunganisha zote kuwa pazia moja linalometameta. Udi una tumbo la mbao, usikike kama mbao. Dumbaki ipige "tak" bila mkia. Fidla nyingi zikipiga pamoja zisigeuke kuwa mbu. Kwenye muziki wa dansi, sikiliza gitaa la pili linalopiga kwa chini ya lile la solo: ukilazimika kulitafuta, kuna kitu kimelifunika.

Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 ni hazina, na ninazisikiliza kwa heshima, lakini hazifai kupimia besi wala sauti za juu kabisa kwa sababu rekodi za wakati ule hazikuwa nazo. Wala usipimie wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp. Matoazi yake huwa yameshachuruzika kama maji.

Kuna sauti moja isiyo muziki ambayo inafichua rangi kuliko nyimbo zote: ule mvumo wa majaribio unaoitwa pinki noizi, unaopatikana bure mtandaoni. Unafanana na mvua juu ya bati. Mvua ikinyesha sawasawa, vizuri. Ukisikia filimbi, chupa au bomba ndani ya mvua hiyo, hiyo ndiyo rangi ya spika yako, imekuja bila nguo.

Waya za bei kubwa?

Waya wa shaba wenye unene wa kutosha, uliofungwa vizuri. Mita chache za milimita za mraba 2.5 zinatosha sebule nyingi. Fedha inayobaki inunue zulia.

CD au faili kubwa kuliko CD?

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, inabeba hadi juu kidogo ya Hz 20,000 na nafasi ya kama desibeli 96 kati ya kimya na kishindo. Inatosha masikio. Toleo jipya likisikika tofauti, mara nyingi ni kwa sababu studio imelitengeneza upya.

Spika mpya "zinalainika" baada ya saa mia?

Mpira wa wufa hulegea kidogo, mapema. Kinachobadilika zaidi ni wewe: sikio huzoea. Ndiyo sababu ukirudi safari ya wiki mbili, saa ya kwanza ya kusikiliza ni ya thamani kubwa. Andika unachokisikia kabla hujazoea tena.

Kuna rangi inayokubalika?

Ipo, nami ninayo moja ninayoipenda. Spika ya LS3/5A ya BBC, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ina urefu wa sentimita 30 tu, sawa na rula ya shule. Besi ya chini haina. Ina uvimbe mdogo kwenye besi ya juu unaolifanya sikio liamini kuna zaidi. Hiyo ni rangi, na imewekwa kwa hekima, kwani sauti ya mtu imebaki ya mtu.

Yamaha NS-10 ni kisa kingine. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani na haikupendwa. Wahandisi wa studio wakaichukua kwa sababu inasukuma sauti za kati mbele bila huruma, na makosa ya mchanganyiko hayana pa kujificha. Baadhi yao walibandika karatasi ya chooni kwenye twita ili kuipunguza ukali. Inafaa kwa kazi, haifai kwa kupumzika. Rangi inakubalika unapoijua na umeichagua mwenyewe.

Umri wangu ni miaka 55. Bado naweza kutoa hukumu?

Unaweza. Hz 14,000 kwenda juu huenda zimeshakwenda, lakini rangi inayoharibu muziki iko chini ya hapo. Linda ulichonacho: desibeli 85 kwa saa nane kila siku ni hatari, na kumbi nyingi za harusi hupita hapo kwa mbali. Usipime chombo chochote siku inayofuata harusi.

Nina fedha kidogo. Nianzie wapi?

Tafuta spika mbili ndogo zilizotumika, zenye boksi imara na mpira wa wufa usiopasuka. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyoenea: ikikwaruza, iache. Nenda na amplifaya rahisi ya transista, na kwenye simu uwe na sauti ya mtu wa nyumbani kwako akisoma gazeti, iliyorekodiwa uani kwa maikrofoni ya heshima. Muuzaji akiweka muziki wake, mwombe dakika mbili, uicheze hiyo. Na mwenye sauti, kama anaweza, nenda naye.